Mjini kati au pembeni? Majibu kwa wanaokuja Moshi na Arusha

Mwezi huu meseji nyingi mmeuliza kitu kimoja: mtu anakuja Moshi au Arusha, hajui achukue chumba mjini kati au aende pembeni kwenye utulivu, na kila aliyemuuliza kamjibu kivyake. Nimechagua tano nizijibu, wengine mtajikuta humo humo.

SWALI: Shikamoo dada. Niko Singida, mama yangu ana miaka 74 na amepewa rufaa ya macho hospitali ya KCMC, tunatakiwa kuwepo Jumatatu asubuhi. Mume wangu anasema tuchukue gesti pale pale karibu na stendi ya Moshi maana ni bei rahisi na basi la kurudi lipo jirani. Dada yangu anasema tukae Shanty Town kwa sababu pametulia na mgonjwa anahitaji kupumzika. Hatuna gari na Moshi hatujawahi kufika. Tufanyeje? (Mama wa watatu, Singida)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Pole na kuuguza, na mama mpe pole yangu.

Mumeo na dada yako wote wanakutakia mema, ila mmoja anaangalia hela na mwingine anaangalia usingizi, na hakuna aliyeangalia Jumatatu saa moja asubuhi mama anatakiwa awe wapi. Mimi kila anayeniuliza habari za kulala namuuliza hilo kwanza, kazi yako ya kwanza asubuhi iko wapi, ukishanijibu chumba tunakitafuta karibu na hapo na mengine yote yanafuata. Nyie kazi yenu ni KCMC, na KCMC haiko mjini, iko juu kaskazini mwa mji kama unaelekea mlimani, kutoka stendi lazima upande daladala au uchukue bajaji. Ile ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima ya kaskazini tangu 1971, watu wanatoka Tanga, Manyara, Arusha mpaka huko kwenu, kwa hiyo asubuhi ukichelewa nusu saa unakuta watu kibao wako mbele yako.

Sasa gesti za karibu na stendi. Bei kweli ni nafuu na kila kitu kipo, duka la dawa, benki, wakala, chakula mpaka usiku, hilo nampa mumeo. Ila kelele za stendi zinaanza alfajiri kabisa, honi, wapiga debe, mabasi ya kwenda Dar yanaunguruma, na nyingi ya zile gesti ni ghorofa za ngazi nyembamba ambapo chumba cha bei rahisi ndo kile cha juu kabisa. Mama wa miaka 74 asiyeona vizuri umpandishe ghorofa ya tatu kwa ngazi, afu alfajiri umshushe umpandishe daladala iliyojaa, hapana jamani, huo mchoko utamfikisha hospitali presha iko juu na daktari atashindwa hata kumfanyia alichoitiwa.

Shanty Town nako kuzuri, miti mikubwa, hewa, kimya, na dada yako yuko karibu na ukweli zaidi kwa sababu Shanty Town iko upande huo huo wa kwenda KCMC. Shida yake ni kwamba ni pana na mitaa yake ni mirefu ya nyumba za fensi, daladala haziingii huko ndani, kwa hiyo hoteli inaweza kuwa Shanty Town kweli lakini kutoka getini mpaka barabara ya daladala ni mwendo ambao wewe unautembea unaimba na mama yako hawezi. Usiku ukihitaji hata panado ni mpaka umwite bajaji.

Kwa hiyo mimi ningekwambia msiende kote kuwili, tafuteni gesti ndogo za jirani na KCMC yenyewe au upande wa Longuo, zipo na zimezoea wagonjwa na ndugu zao. Hazina bustani wala picha nzuri za kuweka mtandaoni ila mama atalala mpaka saa kumi na mbili na bado mtawahi. Na kuna jambo lingine ambalo watu hawalifikirii, macho ukifanyiwa upasuaji mara nyingi wanataka wakuone tena kesho yake waangalie jicho, sasa mtu ana bandeji jichoni unamrudisha mjini kwenye vumbi na boda halafu kesho unampandisha tena, ya nini yote hayo kama unaweza kulala mlango wa pili.

Ukipiga simu kuulizia chumba usiulize bei peke yake. Uliza choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, maana magoti ya wazee wetu unayajua, na hili swali peke yake litakuondolea nusu ya vyumba utakavyotajiwa. Uliza kama kuna chumba cha chini. Uliza maji ya moto, na umeme ukikatika inakuwaje. Neti lazima, na kama mnakuja kati ya Januari na Machi feni pia lazima, Moshi iko chini kuliko Arusha na miezi hiyo joto lake si mchezo. Halafu lipa siku kwa siku, usilipie siku tatu kwa mkupuo hata wakikwambia watakupunguzia, hospitali ya rufaa inaweza ikakwambia rudi Alhamisi au ikakumaliza kesho, na hela ukishalipa kurudishiwa ni kazi.

Chakula msihangaike, maeneo ya hospitali mamalishe wapo, muulizie mama mtori, zile ndizi zilizopondwa na nyama, laini na inashiba, mgonjwa yeyote anaiweza. Omba gesti wakuwekee maji ya moto kwenye chupa ya chai kila jioni, hawakatai.

Na ule ushauri wa mumeo usiutupe. Usiku wa mwisho, mkishamaliza hospitali na mnataka basi la alfajiri, hapo ndo mshuke mlale karibu na stendi, chumba cha chini, tiketi iko mkononi, asubuhi mnavuka barabara tu. Barua ya rufaa na kadi ya bima weka kwenye mkoba wako mwenyewe, usiweke kwenye begi la chini ya basi.

SWALI: Mambo vipi dada, mi ni mjasiriamali wa Kahama nauza viatu vya mtumba, nataka nije Chuga nione mzigo wa soko la Kilombero na mitaa ile, kama siku tatu hivi. Kuna chalii yangu wa huko kaniambia nisijichanganye kulala mjini ntaibiwa, nichukue lodge Njiro au Kwa Mrombo pametulia na chumba ni kikali kwa hela ile ile. Nimsikilize? (Kijana wa viatu)

JIBU: Poa kaka, hongera kwa kazi. Huyo rafiki yako anakushauri kama mtu anayekuja kupumzika, wakati wewe unakuja kuwinda mzigo.

Biashara ya belo, lile furushi la mitumba, unaijua kunizidi, ukifika limeshafunguliwa umebakiziwa makapi. Wenzako wanaolala Levolosi, Kaloleni na Makao Mapya wanaamka wananawa uso wanatembea kwa miguu, wako pale wakati kamba inakatwa. Wewe uko Njiro unasubiri haisi ijae, afu ikishajaa inakuja kukaa kwenye foleni kuanzia Kijenge mpaka kwenye kipilefti, saa mbili unaingia sokoni una jasho na grade ya kwanza yote ina wenyewe. Siku tatu ukizipoteza hivyo asubuhi zote umekuja Arusha kuangalia migongo ya watu.

Njiro si mbaya, naipenda sana, na kama ungekuwa unakuja mwezi wa nane kwenye Nanenane ningekwambia Njiro moja kwa moja maana viwanja viko upande huo na huko ndo kungekuwa mjini kwako. Kwa kazi hii hapana.

Kuhusu kuibiwa tuongee vizuri, kwa sababu ni kitu cha kweli na sitaki nikudanganye. Maeneo ya stendi na Kilombero kuna watu wanaishi kwa kuangalia mgeni ni nani na amebeba nini, wanakuona tangu unashuka kwenye basi unashangaa shangaa. Ila ukiangalia watu wengi wanaolizwa wanalizwa njiani, usiku, wamebeba begi na hela yote iko mwilini, kulala mbali kunakuongezea hiyo njia badala ya kuipunguza. Hela ya mzigo acha kwenye simu au benki, toa ya siku hiyo asubuhi kwa wakala wa dukani na si wa mwamvuli, ukimaliza kununua mzigo usiulaze chumbani, upeleke ofisi ya vifurushi ya basi utakalopanda wakuandikie risiti. Ukishuka stendi usimfuate mtu anayekwambia anakujua au anajua gesti nzuri, hawa wanaoshika begi kabla hata hujasalimia, chukua chumba ulichokwishapigia simu, na uwe na kitambulisho maana utaandikwa kwenye kitabu cha wageni na gesti isiyokuandika ujue hata anayelala chumba cha jirani hawamjui.

Basi lenu kutoka Kahama linapita Nzega, Singida, Babati mpaka liingie Arusha, likichelewa kidogo linakukuta usiku. Hiyo nayo ni sababu ya kulala mjini usiku wa kwanza, saa nne ya usiku si saa ya kuanza kutafuta Njiro na mtu humjui.

Kelele utazikuta, Kaloleni kuna baa, wikendi muziki unaenda. Omba chumba cha nyuma kisichoangalia barabara, na ukiweza fika uione gesti mchana kabla hujalipa, jaribu kitasa, jaribu komeo la dirisha, fungua bomba. Chumba hakitakuwa kikali kama cha Njiro kwa hela hiyo, hilo rafiki yako kasema kweli. Ukimaliza kazi siku ya tatu nenda Kwa Mrombo mchana ukale nyama choma, hapo ndo pa kwenda na huyo chalii wako.

SWALI: Habari dada. Mimi na mchumba wangu tuko Dodoma, tunafunga ndoa mwezi wa saba na fungate tumepanga Arusha siku nne. Tumeona hoteli Usa River ina bustani nzuri sana na bei yake ni chini kuliko za mjini za aina hiyo, ila kaka yangu anasema tutaboeka huko na hela tutakayookoa kwenye chumba itaishia kwenye teksi. Hoteli wenyewe wanasema ni karibu tu na mjini. Unatushauri nini? (Bibi harusi mtarajiwa)

JIBU: Nzuri mdogo wangu, na hongereni sana, Mungu awafikishe salama.

Hapa mimi nasimama na bustani. Mkishatoka kwenye harusi mtakuwa mmechoka, kamati, wageni, simu, mashangazi, kila mtu amewatolea sauti miezi mitatu, kitu mnachohitaji siku ya kwanza na ya pili ni mahali ambapo hakuna anayewaita. Mjini kati hamtakipata. Kwa hiyo kile ninachowaambia wengine, walale karibu na kazi ya asubuhi, kwenu kinaangukia Usa River, kwa sababu asubuhi yenu kazi yake ni kuchelewa kuamka.

Lakini kaka yako hesabu yake ni ya kweli na muifanye kabla hamjalipa. Tuseme kwa mfano chumba cha Usa River ni elfu 80 na cha mjini ni laki moja, mnaona mmeokoa elfu 20 kwa usiku. Siku mkitoka mara moja kwenda mjini na kurudi kwa teksi elfu 20 ya siku hiyo imeshapita na pengine imezidi, na siku mkitoka mara mbili mnalipa kuliko waliolala mjini. Ongeza chakula, ukiwa hoteli ya pembeni iliyo ndani ndani huna pa kula zaidi ya pale pale, na bei ya pale pale wanaijua wao, sahani ya chipsi kuku inaweza kukushangaza. Waulizeni menyu wawatumie kwenye WhatsApp kabla, waulizeni chai ya asubuhi imo kwenye bei ya chumba au hapana, na ni ya watu wawili au mmoja.

Hilo neno "karibu tu na mjini" msilipokee hivi hivi. Waambieni hoteli wawatumie lokesheni, afu angalieni wenyewe kwenye ramani kutoka pale mpaka mnara wa saa pale mjini kati, na ulizeni ni dakika ngapi saa kumi na moja jioni, msiulize Jumapili asubuhi. Barabara ya njia nne inatoka Sakina mpaka Tengeru, ile kilomita 14, imesaidia kweli kweli, ila ukishapita Tengeru kwenda Usa inarudi kuwa nyembamba, na siku za soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, pale panakuwa na watu na magari mpaka unajiuliza wote wametoka wapi. Kuna ile barabara ya mchepuko inayozunguka kusini mwa mji kutoka Ngaramtoni mpaka Usa River, na nyie mnatokea Dodoma kwa njia ya Kondoa na Babati, kwa hiyo kama mnakuja na gari yenu mnaweza kuishika hiyo mkafika Usa bila kuingia mjini kabisa. Mkija kwa basi mtashushwa mjini na hapo ndo teksi ya kwanza inaanzia.

Sasa nina swali moja ambalo nataka mwaulize hoteli hiyo leo, kabla ya yote. Waulizeni Jumamosi ya tarehe zenu kuna shughuli gani kwenye hiyo bustani. Hoteli za pembeni zenye majani mazuri hivyo ndo hizo hizo watu wanafanyia harusi, sendofu na kitchen party, mwezi wa saba ukiwa kiangazi ndo msimu wenyewe, na mtu aliyekimbia kelele za harusi yake anaweza kujikuta kalala dirishani kwa harusi ya mwenzake, MC anapiga kelele na spika ziko mita ishirini kutoka kitandani. Mjini angalau baa ikikushinda unahama hoteli ukivuka barabara, huko unahamia wapi saa sita usiku. Wakisema kuna shughuli, ombeni chumba cha mbali na ukumbi au geuzeni, usiku wa Jumamosi mlale mjini.

Kingine ni baridi. Arusha iko kama mita 1,400 juu na Julai inauma, asubuhi nyingi zina wingu na mlima Meru wenye mita 4,566 unaweza kujifunika mpaka mchana, msije mkadhani mmepewa chumba kibaya. Ulizeni hita ya maji na mablanketi. Na Julai ni msimu wa wageni wa safari, hoteli zinajaa, msisubiri mwezi wa saba wenyewe ndo mpige simu.

Kuboeka mimi sikuoni. Ziwa Duluti liko pale Tengeru, mnatembea kulizunguka chini ya miti mnarudi mchana. Geti la Ngurdoto la hifadhi ya Arusha liko upande huo wa Usa, na Mtanzania kiingilio chake ni kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje, njooni na vitambulisho. Mimi ningegawa, siku mbili za kwanza Usa River bila kutoka zaidi ya hapo, siku mbili za mwisho mje mjini mtembee Maasai Market, muone makumbusho ya Boma na ya Azimio, mle vitu vya mtaani usiku, na asubuhi basi la Dodoma liko jirani. Teksi mnalipa mara moja tu ya kuhama. Kama mnaona kuhama ni usumbufu basi kaeni huko huko siku zote nne, ila mkubaliane kabisa kwamba mjini mtaenda mara moja.

SWALI: Dada, ofisi inanipeleka semina AICC, kile kituo cha mikutano cha Arusha, siku tano, posho nimeshapewa. Wenzangu wanataka tuchange tuchukue apatimenti Njiro tupike wenyewe tuokoe hela. Mimi nilitaka Sekei. (Afisa, Dar)

JIBU: Sekei, au Sanawari. Unatoka chumbani unatembea kwa miguu mpaka AICC, jioni unarudi bado una nguvu. Apatimenti ya Njiro inalipa kwa mtu anayekaa mwezi na ana gari, siku tano mtanunua mafuta ya kula, chumvi na gesi mtaviacha humo, na kila asubuhi mtagombana nani anachelewesha bafuni wakati teksi haijafika. Afu Arusha ndo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakija wakuu wa nchi barabara za eneo lile zinasimamishwa bila taarifa ya maana, na siku hiyo mtembea kwa miguu ndo anayewahi kusaini mahudhurio. Kama wenzako wamegoma waache waende, si lazima mlale pamoja ili mfanye kazi pamoja. Ila uliza mapema kama vyumba vipo, kukiwa na mkutano mwingine mkubwa wiki hiyo Sekei inajaa mpaka Ilboru.

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi ni baba wa watoto watatu, niko Mwanza. Desemba tumealikwa harusi ya mdogo wake mke wangu Machame. Wakwe wanasema tulale nyumbani kwao, mke wangu mwenyewe anataka hoteli Moshi mjini ili watoto wasibanane, na mimi naogopa kuonekana nina dharau. (Mkwe)

JIBU: Nzuri kaka. Hiyo hofu yako naielewa na ni ya mtu mwenye adabu, ila mkeo ndo mtoto wa pale, akisema watoto watabanana anajua nyumba ya kwao ina vyumba vingapi na Desemba wanarudi watu wangapi.

Desemba ya Moshi si ya mchezo. Wachaga popote walipo wanapanda nyumbani, Dar inahamia kule juu, harusi, kipaimara, ubatizo, kila nyumba ina turubai, kwa hiyo hoteli za mjini zinajaa na nyumba za wazazi zinajaa zaidi. Kama mnataka chumba Moshi cha familia, wekeni mwezi wa kumi, mkisubiri Desemba mtapelekwa popote.

Mimi ningewaambia hivi, usiku wa harusi mlale huko huko juu kwa wakwe, hata kama ni godoro sebuleni na watoto wawekwe pamoja na binamu zao, watafurahi kuliko hotelini. Sherehe ikiisha ni usiku wa manane, Desemba mvua za vuli zinaweza kuwa bado zipo, barabara za kuingia migombani zinateleza, dereva kashakunywa mbege na bia, na wewe una watoto watatu wamelala kiti cha nyuma. Hiyo safari ya kushuka mjini msiifanye. Siku nyingine zilizobaki mlale mjini, watoto wana nafasi, mnapanda asubuhi kusaidia kazi na kushuka jua likiwepo. Mbebee kila mtoto sweta, juu kule usiku ni baridi kabisa wakati mjini mnalala na feni.

Kuhusu dharau, mkeo ndo amwambie mama yake, tena mapema, kabla vitanda havijapangwa, aseme tutalala kwenu siku ya harusi na zingine tutakuwa mjini tusiwabane wageni wa mbali. Mama akisikia hivyo wiki tatu kabla anashukuru, akisikia siku mmefika na begi liko hotelini anaumia, na hapo una haki ya kuogopa.

Ila kuna kitu hujaniambia. Siku hizi wengi wanafunga ndoa kanisa la nyumbani kule Machame halafu ukumbi wanachukua Moshi mjini, kama ni hivyo mpango wote unageuka, usiku wa harusi ndo mlale mjini na kule juu mwende siku nyingine. Mpigie shemeji leo umuulize ukumbi uko wapi, kabla hujatuma hela ya chumba popote.